Sosi ya kuchovyea mboga inapogoma siku ya sherehe

Shangazi aliinua bakuli kwa mikono miwili, akaliinamisha kidogo, na maji yakakimbilia upande mmoja. Ilikuwa kipaimara cha binti wa kaka yangu, Tabata, mwezi wa Desemba. Sosi niliichanganya saa mbili asubuhi kabla hatujaenda kanisani: nzito, nyeupe, imenyunyiziwa giligilani juu. Tuliporudi saa saba na nusu mchana, chini kulikuwa na mabonge ya mtindi na juu maji ya kijani yenye vipande vya tango vinavyoelea. Shangazi hakunilaumu mbele za watu. Aliniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hilo tango ulilikamua?"

Sikulikamua. Wakati ule sikujua hata kwamba tango hukamuliwa.

Toka siku ile nimeitengeneza sosi hii kwa vipaimara vingine, kwa arobaini za watoto, kwa Idi nyumbani kwa wifi yangu Mbagala. Ndugu hunipigia simu ikiwaharibikia, na kwa kuzisikiliza simu hizo nimeona kuwa malalamiko ni mengi lakini mkosaji mara nyingi ni mmoja: maji. Maji ya ndani ya tango, maji ya ndani ya mtindi, maji yaliyobaki kwenye karoti baada ya kuoshwa. Ukishayadhibiti maji, vinavyobaki kukusumbua ni kitunguu saumu na joto la Dar.

Ili tuongelee kitu kimoja, vipimo vyangu ni hivi. Mtindi lita 1 usio na sukari, uliochujwa mpaka ukabaki kama nusu yake. Mayonezi ya dukani vijiko 4 vya chakula. Tango 1 la wastani, karoti 1, nusu ya pilipili hoho. Punje 2 za kitunguu saumu, ndimu 1, fungu dogo la giligilani, pilipili manga, na chumvi ya kuanzia nusu kijiko cha chai. Watu 12 hivi wanachovya na kutosheka. Vyote vinapatikana gengeni na duka la jirani; ukihitaji kwa wingi, damka Ilala au Kariakoo, karoti na hoho zikiwa bado zimekaza.

Imetoa maji

Anza na tango, kwa sababu ndilo lenye hatia mara nyingi. Katika gramu 100 za tango, karibu 95 ni maji. Yamefungiwa ndani ya mboga, na yatatulia humo mpaka yaguswe na chumvi. Chumvi huyavuta yatoke nje, na haichagui mahali: kama ulikuwa hujalikamua tango kabla, itayavutia ndani ya bakuli lako wakati wewe uko kanisani. Kwa hiyo liache tango limwage maji yake mapema. Lipasue tango kwa urefu, kwangua mbegu zake kwa kijiko, likwaruze kwenye kikwaruzio, nyunyizia chumvi kidogo, liache dakika 20 kwenye chujio. Kisha lifunge kwenye kitambaa ulikamue kwa nguvu zote, kama unavyokamua tui la kwanza. Tango moja hunitolea robo kikombe cha maji au zaidi. Hebu fikiria robo kikombe hicho kingekuwa ndani ya sosi.

Karoti haina ubishi kiasi hicho. Ikwaruze laini na uiminye kwa mkono. Hoho toa mbegu na zile nyuzi nyeupe za ndani, kisha ikatekate kwa kisu kikali. Usiitie kwenye blenda. Blenda inapasua mboga kila mahali, maji yote yanatoka kwa mpigo, na unachopata ni supu ya kijani yenye povu. Nyanya mimi siitii kabisa, iende kwenye kachumbari inakostahili.

Chanzo cha pili ni mtindi wenyewe. Maziwa yakiganda hutengeneza kitu kama wavu, na maji yamenaswa ndani ya matundu yake. Ukikoroga kwa nguvu unaukata wavu na maji yanaachiliwa. Ndiyo maana ndugu mwingine anasema, "Mimi sikuweka hata tango, na bado imetoa maji." Dawa ni kuchuja kabla. Tandika kitambaa kwenye chujio, weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Mimi natumia kipande cha kanga kuukuu kilichochemshwa na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe, kwa sababu harufu ya sabuni huingia kwenye mtindi na haitoki. Asubuhi utakuta mtindi umesimama, kijiko kinasimama ndani yake, na chini kuna maji ya manjano. Hayo usiyamwage, yakandie chapati.

Kama umenunua maziwa mgando ya kupima, yale ya kwenye ndoo, usiyatikise njiani. Yakifika nyumbani yatulie, mwaga kwanza maji ya juu, ndipo uyachuje. Na ukichanganya tumia mwiko, geuza taratibu kutoka chini kwenda juu, basi.

Kuna chanzo cha tatu ambacho watu hawakifikirii: safari. Wifi yangu alichuja, akakamua, akafanya kila kitu sawasawa, halafu sosi ikapakiwa kwenye bajaji kutoka Mbagala hadi Kinondoni. Mashimo ya njiani yaliufanya mtindi kile ambacho mwiko wake ulikuwa umejizuia kufanya. Siku hizi tunapokwenda kwa watu tunabeba vyombo viwili, mtindi uliochujwa na mayonezi kwenye kimoja, mboga zilizokamuliwa kwenye kingine, na tunachanganya tukishafika. Chumvi ya mwisho huingia hapo hapo. Hata ukiwa nyumbani kwako, usichanganye mapema sana. Saa moja kabla ya kuliwa inatosha ladha kuingiana.

Sasa, kama unasoma haya sosi ikiwa imeshatoa maji na wageni wako getini, usikoroge. Narudia, usikoroge, maana ukikoroga utayarudisha maji ndani na sosi yote itakuwa uji. Inamisha bakuli, chota maji kwa kijiko pole pole, ya mwisho yafyonze kwa karatasi safi ya jikoni. Kisha ponda kiazi kimoja mviringo kilichochemshwa na kupoa, kiwe laini bila mabonge, ukichanganye humo pamoja na kijiko cha mayonezi. Parachichi lililoiva nalo hufaa. Onja upya, kwani chumvi nyingine imeondoka na yale maji. Usiongeze unga wa ngano wala konfulawa: haviwezi kuifanya sosi iwe nzito bila kupikwa, vitakuachia tu ladha ya unga mbichi mdomoni.

Kitunguu saumu kinachoma

Jana usiku ilikuwa tamu. Leo mchana mtoto ameonja akasema inauma. Hukuongeza kitu, imekuwaje?

Ule ukali haumo ndani ya punje nzima. Nusa punje ambayo haijamenywa, haina harufu ya kutisha. Ukiiponda, vitu viwili vilivyokuwa vimetenganishwa ndani yake vinakutana na ukali unazaliwa. Kadiri unavyoiponda laini ndivyo unavyouzaa mwingi, na ukikaa kwenye sosi usiku mzima husambaa mpaka kila kijiko kinanukia kitunguu. Kwa hiyo kusema "iache ikae, ukali utapungua" si kweli kwa sosi mbichi.

Kinachosaidia ni ndimu, tena mapema. Asidi ya ndimu huzuia ule mkutano usiendelee. Twanga punje zako kwenye kinu kidogo pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na papo hapo, kabla hujafanya lingine, kamulia ndimu juu yake. Acha dakika 10 ndipo utie kwenye mtindi. Utapata harufu ya kitunguu saumu bila kuungua ulimi. Wenye jiko la mkaa wanayo njia nzuri zaidi kwa ladha yangu: fukia punje na maganda yake kwenye jivu la moto mpaka zilainike, zimenye, ziponde. Moto unaua kile kinachozaa ukali, na kinachobaki ni utamu kama wa kitunguu cha kukaanga.

Kama imeshakuwa kali, njia ni kuongeza mtindi uliochujwa na mboga mpaka ukali utawanyike. Ndiyo maana huwa nabakiza kikombe kimoja cha mtindi pembeni hata kama nadhani sitakihitaji.

Haina ladha, au imezidi chumvi, au ni chachu

Sosi ya baridi hudanganya ulimi. Ukiionja ikiwa bado haijapoa utasema iko sawa, ikitoka kwenye friji utaiona imepooza, kwani baridi hupunguza ladha. Onja ikiwa kwenye baridi ile ile itakayoliwa. Na usionje kwa kijiko. Chovya kipande cha karoti, tafuna, ndipo uamue. Karoti ina utamu wake, tango lina maji yake, na vyote viwili hupunguza chumvi mdomoni. Sosi iliyo sawa kwenye kijiko huwa imepooza kwenye mboga. Jambo hili nilijifunza kwa mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuonja kitu cha kuchovya bila kile kitakachochovywa.

Chumvi ikizidi, ongeza mtindi au kiazi kilichopondwa. Usiongeze maji. Ikiwa chachu kupita kiasi, hasa kwa maziwa mgando yaliyokaa, sukari robo kijiko cha chai au parachichi kidogo hutuliza. Kuna anayeshauri magadi, kwa vile huondoa uchachu kwenye vyakula vingine. Humu magadi yatakutana na asidi, yataumuka povu na kuacha ladha ya sabuni.

Na ikiwa tamu kama krimu ya keki, angalia kopo ulilonunua. Mtindi mwingi madukani umetiwa sukari na vanila, na kopo lake linafanana na la usio na sukari. Sosi hiyo haiponi. Kama hujatia kitunguu bado, mtindi huo wape watoto na maembe, kisha utafute mwingine.

Uchungu

Sababu huwa ni mbili. Tango lenyewe, hasa upande wa kikonyo: kata kipande cha upande huo ukionje kabla hujakwaruza, na kama ni chungu kata zaidi au lipishe kabisa. Ya pili ni ndimu iliyokamuliwa kwa nguvu mpaka mbegu na ganda vikatoa uchungu wake. Kamulia kwenye chujio.

Parachichi limekuwa jeusi, tui limeganda

Wanaopenda kutumia parachichi badala ya mayonezi wanalijua tatizo la kwanza. Nyama ya parachichi ikikutana na hewa hubadilika rangi. Ndimu huchelewesha, ila dawa ya kweli ni kuinyima hewa: sawazisha uso wa sosi kwa kijiko, tandika nailoni ya kufunikia chakula iguse sosi yenyewe, si mdomo wa bakuli. Kuweka kokwa katikati hakusaidii, huzuia weusi pale lilipokaa tu. Ukikuta juu pameshageuka, kwangua tabaka hilo jembamba. Chini bado ni kijani.

Tui ni letu sisi watu wa pwani, na kijiko cha tui bubu huipa sosi ya bilinganya ya kuchoma utamu ambao mayonezi haiwezi. Lakini mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Kwenye joto la Dar hujawahi kuyaona hivyo mezani, kwenye friji utayaona: punje nyeupe ngumu, kana kwamba sosi imekatika. Haijaharibika. Itoe dakika chache, igeuze kwa mwiko, punje zitayeyuka. Na bilinganya ikishachomwa iache ichuruzike kwenye chujio kabla ya kuiponda. Maji tena.

Mayonezi ya nyumbani

Ikikatika, mafuta yakajitenga na kiini, umemimina mafuta kwa haraka. Chukua kiini kipya kwenye bakuli safi, kisha kimiminie ile iliyokatika tone kwa tone huku ukipiga. Inarudi vizuri kabisa.

Hata hivyo sosi ya sherehe siitengenezi kwa mayai mabichi, na ningependa nawe usifanye hivyo. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, sherehe ina bibi wa miaka 80, mjamzito na mtoto aliyeanza kula juzi, na jua la Desemba halina huruma. Mayonezi ya dukani hutengenezwa kwa mayai yaliyopitishwa kwenye joto na kutiwa siki. Ile ya nyumbani tuilie mezani kwetu sisi wenyewe, siku hiyo hiyo.

Mboga zimelegea

Vijiti vya karoti vilivyokatwa asubuhi huwa vyeupe na kupinda ifikapo mchana. Vimepoteza maji, na hapa kwa mara moja maji ndiyo dawa: vitumbukize kwenye maji ya baridi yenye barafu nusu saa, vitakaza tena na kulia kwa meno. Yasiwe na chumvi, la sivyo vitalegea zaidi. Kisha vifute. Nasisitiza kufuta, kwa sababu karoti yenye matone ikichovywa na watu 12 inaingiza maji kwenye bakuli lililokutesa usiku kucha kuyaondoa.

Koliflawa mimi huitia kwenye maji yanayochemka dakika 1, naitoa na kuitumbukiza kwenye ya barafu. Inapunguza ugumu na harufu. Maharage machanga ya kijani yachemshe dakika 5, yasiliwe mabichi. Mihogo ya kukaanga haimo kwenye mboga, najua, lakini weka sinia lake karibu na sosi uone kipi kitaisha kwanza.

Mboga hizi haziendi motoni, kwa hiyo maji ya kuoshea ndiyo ulinzi wake wote. Tumia maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa, hasa masika. Na kibao kilichokatiwa kuku asubuhi kisiguse tango, hata kama umekifuta.

Joto na ratiba

Sosi ya maziwa haitakiwi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi mchana hucheza kwenye nyuzi 31 na 32, chini ya turubai huzidi. Sasa pima na sherehe zetu. Kadi imesema saa nane. Watu wanatimia saa kumi. Inakuja sala, utambulisho wa familia zote mbili, nasaha za babu, keki, zawadi, ndipo mshereheshaji anakaribisha chakula. Ukiitoa sosi pamoja na sahani, muda wake umeisha kabla mtu hajashika karoti.

Kwa hiyo iwe ya mwisho kutoka. Igawe kwenye bakuli ndogo tatu au nne, moja iende mezani juu ya sinia lenye barafu, nyingine zibaki kwenye friji au kwenye deli la barafu. Ikiisha, toa bakuli nzima mpya. Usijazie mpya juu ya masalia, maana utaipa mpya umri wa ile ya zamani. Mpe binti mmoja mwangalifu kazi hiyo, awe na saa mkononi. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe: ikifungwa hushika baridi kama saa 4, ikifunguliwa kila dakika haifiki hata nusu ya hizo.

Harufu mpya ya chachu, vipovu vidogo pembeni mwa bakuli, au uso uliovimba ni dalili kuwa imeharibika. Lakini kukosekana kwa dalili si uthibitisho kuwa ni salama. Vijidudu vinavyouguza tumbo havina lazima ya kunuka. Hesabu saa.

Bakuli iliyokaa mezani ikabaki, mwaga, hata kama inaumiza roho kwa bei ya mtindi. Ile ambayo haikutoka kwenye friji ifunike, uile kesho au keshokutwa. Utakuta imetoa kijiko kimoja au viwili vya maji juu. Inamisha bakuli, yachote, ipake kwenye mkate na vipande vya kuku vilivyobaki.